Kufuatilia Mikoko kwa Simu: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Pwani

Kila baada ya miezi michache napokea faili kutoka kwa kikundi fulani cha mikoko, na ombi huwa lile lile: tusaidie kujua kama msitu wetu unaongezeka au unapungua. Nafungua faili. Picha zipo, miche imehesabiwa, miti imepimwa. Jibu halimo. Mwaka wa pili walipima mahali tofauti na mwaka wa kwanza, mmoja alipima mzunguko wa shina na mwenzake akaandika kipenyo, na mti ule ule umeitwa muia kwenye simu moja na mkandaa kwenye nyingine.

Jasho lililomwagika topeni lilikuwa la kweli, na inaniuma kuwaambia watu kwamba takwimu zao hazisemi kitu. Ndiyo sababu ya mwongozo huu. Jambo ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote ni hili: chukua kila kipimo kwa namna ambayo mtu ambaye hakuwepo siku hiyo ataweza kurudi pale pale na kukirudia.

Nimeuandika nikiwaza pwani ya kusini mwa Kenya, kuanzia Gazi hadi Vanga, lakini hatua ni zile zile ukiwa Lamu, Tanga, Pemba au delta ya Rufiji.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Simu mbili za Android zenye GPS inayofanya kazi. Hazihitaji kuwa za bei kubwa.
- Betri ya akiba ya kuchajia simu, na mfuko wa plastiki usiopitisha maji kwa kila simu.
- Kamba ya mita 40 isiyovutika, yenye fundo kila baada ya mita 10.
- Futi ya fundi cherehani, ile laini ya sentimita 150. Nunua mbili, moja hupotea.
- Fito moja iliyonyooka, yenye alama tatu za rangi: sentimita 40, 130 na 150.
- Mabomba ya PVC ya mita moja na nusu, manne kwa kila ploti, yaani kila kipande cha msitu mtakachokirudia kukipima. Vipande vilivyobaki kwa fundi bomba vinatosha.
- Rangi ya mafuta na brashi ndogo, chaki, daftari na penseli. Kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi yenye unyevu.
- Raba zinazobana mguu. Gambuti hunaswa na tope ukabaki umesimama kwa soksi, na ukienda peku chaza waliojishika kwenye mizizi watakukata.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu nawe.
- Watu wanne: mmoja wa simu, wawili wa kupima, mmoja wa kuandika daftarini na kuangalia saa.

Programu tutakayoitumia ni KoboToolbox, pamoja na KoboCollect inayokaa ndani ya simu. Nimeichagua kwa sababu vikundi vya jamii vinaweza kuanza nayo bila kulipa, na kwa sababu hufanya kazi bila mtandao. Utajaza fomu katikati ya msitu na kuituma jioni ukifika nyumbani.

## Hatua ya 1: Ruhusa, na swali moja

Misitu ya mikoko ya Kenya na Tanzania ni hifadhi chini ya serikali, hata pale kijiji kinaposhiriki kuitunza. Kabla ya kusimika bomba hata moja, nenda ofisi ya misitu ya eneo lako: Huduma ya Misitu ya Kenya, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kwa Tanzania Bara, au idara ya misitu ya Zanzibar ukiwa Pemba. Pitia pia kwa jumuiya ya misitu, kikundi cha wavuvi cha ufuo huo na wazee wa mtaa. Rangi na mabomba yanayojitokeza msituni bila maelezo huzua maneno, na watu watayang'oa.

Kisha kaeni mchague swali moja. "Kuhifadhi mazingira" si swali. "Je, boriti zinakatwa zaidi upande wa bandarini kuliko upande wa mashambani?" ni swali. "Je, miche inaota yenyewe pale palipokatwa, au tunahitaji kupanda?" ni swali pia. Swali ndilo litakaloamua ploti zikae wapi na fomu iulize nini. Kikundi kinachotaka kujua kila kitu kwa mpigo mmoja huishia na fomu ya maswali sitini ambayo hakuna mtu anayeijaza mara ya pili.

Utajua umefaulu kama kila mwanakikundi anaweza kulisema swali hilo kwa pumzi moja, na barua ya ruhusa iko ndani ya faili lenu.

## Hatua ya 2: Akaunti iwe ya kikundi

Hapa ndipo miaka mizima ya kazi hupotea, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kikundi kimoja nilichokisaidia kilikuwa kimekusanya taarifa kwa misimu mitatu. Akaunti ilifunguliwa kwa baruapepe ya kijana aliyekuja kujitolea, na alipoondoka aliondoka na nywila. Hakuwa na nia mbaya, alibadilisha namba ya simu tu. Misimu mitatu ikawa imefungiwa mahali ambapo hakuna aliyeweza kuifikia.

Fungueni kwanza baruapepe ya kikundi. Nywila iandikwe kwenye karatasi, iwekwe kwenye bahasha, ikae kwa mweka hazina pamoja na kitabu cha fedha. Kisha fungueni akaunti ya KoboToolbox kwa baruapepe hiyo.

Angalizo: KoboToolbox ina seva mbili za umma, ya kimataifa na ya Umoja wa Ulaya. Akaunti ya seva moja haifunguki kwenye nyingine. Watu wengi wanaoniambia kwamba nywila imekataa, nywila yao ni sahihi, ila simu imeelekezwa kwenye seva isiyo yao. Anwani kamili ya kuandika ndani ya KoboCollect iko kwenye ukurasa wa kukusanya taarifa wa fomu yako, ukichagua njia ya programu ya Android. Inakili herufi kwa herufi.

## Hatua ya 3: Tengeneza fomu fupi

Fomu ya ploti moja inahitaji mambo haya tu:

1. Namba ya ploti. Iwe ya kuchagua kutoka kwenye orodha, isiwe ya kuandika. Ukiacha watu waandike, utapata "P3", "ploti ya 3" na "tatu", na kompyuta itazihesabu kuwa ploti tatu tofauti.
2. Tarehe na majina ya waliopima.
3. Mahali, kwa GPS.
4. Picha nne.
5. Idadi ya miche kwa kila aina, katika vimo vitatu.
6. Visiki: aina, mzunguko, kipya au cha zamani.
7. Miti: aina na mzunguko wa shina.
8. Nafasi moja ya maelezo huru.

Sehemu ya miti na ya visiki ziweke kama kundi la maswali linalojirudia, ili kila mti upate mstari wake. Swali la mzunguko liwekee mipaka: lisikubali chini ya sentimita 8 wala zaidi ya 200. Siku mtu atakapobonyeza 220 akikusudia 22, simu itakataa pale pale mti ukiwa bado mbele yake. Kosa lisipokamatwa msituni, huwezi kulirekebisha ofisini, utabaki kulikisia tu.

Fomu iandike kwa Kiswahili mnachozungumza nyumbani. Namba ya ploti, aina ya mti na mzunguko viwe vya lazima. Picha usizifanye za lazima, kwa sababu kamera ikigoma fomu nzima itakwama.

Ndani ya KoboCollect punguza ukubwa wa picha uwe wa kati. Picha kubwa hula bando la wiki nzima na kutuma hushindikana nusu njia.

Utajua umefaulu kama mmejaza fomu ya majaribio chini ya mwembe wa nyumbani, simu ikiwa haina mtandao, kisha mkawasha mtandao, mkaituma, na mkaiona kwenye kompyuta. Msiende msituni kabla ya hapo.

## Hatua ya 4: Kubalianeni majina ya miti

Kenya ina aina 9 za mikoko, na majina yake hubadilika ukitoka kijiji kimoja hadi kingine. Mti ambao kwetu ni muia, ndugu wa Tanzania humwita msinzi. Mlilana kwingine ni mpira. Kwenye fomu, kila jina la kienyeji lifuatane na jina lake la kisayansi, na hapo ubishi hukoma.

Aina zinazochanganywa mara nyingi ni tatu, na hizo nitakaa nazo kidogo.

*Mkoko*, Rhizophora mucronata, ni ule wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu ya buibui. Geuza jani: utaona vidoti vyeusi vingi chini, na ncha yake ni kali kama sindano. Mbegu yake ni ndefu kuliko zote na ngozi yake ina chunusi.

*Muia*, Bruguiera gymnorrhiza, mizizi yake hutokeza topeni kama magoti yaliyokunjwa. Kikombe kinachoshika ua ni chekundu. Mbegu ni nene na fupi, laini ukiipapasa.

*Mkandaa*, Ceriops tagal, ni mfupi zaidi, na jani lake lina ncha ya mviringo, halichomi. Mbegu ni nyembamba na ina mistari iliyoinuka kutoka juu hadi chini.

Miche ndiyo migumu zaidi, kwa sababu mizizi bado haijajionyesha. Papasa mbegu iliyoshikilia mche: chunusi, laini, au mistari. Kidole hukosea mara chache kuliko jicho.

Zilizobaki si shida. Mchu, Avicennia marina, una jani jeupe-kijivu chini, na mizizi yake imesimama topeni kama penseli nyingi. Mlilana, Sonneratia alba, husimama mbele kabisa baharini, na mizizi yake ni minene kama pembe. Mkomafi, Xylocarpus granatum, una tunda la duara kubwa kama mpira. Kikandaa, msikundazi na mkomafi dume ni wachache. Ukiwa na shaka, piga picha ya jani pande zote mbili, ua au tunda, na mizizi, halafu zipandishe kwenye iNaturalist ambako watu wanaojua mimea watakusaidia kutaja jina. Kwenye fomu chagua "sina hakika". Jibu hilo ni la heshima, na ni bora kuliko kubahatisha.

Nimeona mafunzo mengi yakiendeshwa na mtu wa chuo huku akina mama wanaookota kaa na wakata miti wa zamani wamekaa nyuma kimya. Wapeni wao nafasi ya mbele siku ya majina. Hata sasa mimi nikisita kuhusu mche, huuliza kwanza mtu wa kijijini, kisha ndipo nafungua simu.

## Hatua ya 5: Chagua ploti bila upendeleo

Kosa kubwa hapa ni kupanga ploti zote palipo rahisi kufika, au palipo pazuri kwa picha. Kinyume chake nacho kipo: kikundi chenye hasira na wakataji huweka ploti zote palipokatwa, na mwisho wa yote msitu mzima unaonekana umekufa.

Mikoko hupangana kwa mikanda kutoka baharini hadi nchi kavu: mlilana mbele, kisha mkoko, kisha muia na mkandaa, na mchu nyuma karibu na wangwa (uwanda wa chumvi ulio wazi), ingawa mchu hupenda kujitokeza hata mbele. Kwa hiyo chora mistari inayokata mikanda hiyo, kutoka maji hadi nchi kavu, na weka ploti kwa umbali uliokwishaamuliwa, tuseme kila mita 50. Namba ikiangukia kwenye tope baya, ploti inakaa kwenye tope baya.

Ploti iwe ya mita 10 kwa 10. Kwa msitu wa hekta kama kumi, ploti 10 ni mwanzo mzuri. Kikundi kidogo kinaweza kuanza na 5. Ploti tano zinazotembelewa kila mwaka zina thamani kuliko thelathini zilizopimwa mara moja zikasahauliwa.

## Hatua ya 6: Panga siku kwa maji, si kwa kalenda ya ofisi

Siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku za ploti za mbele za mlilana. Ploti za nyuma zenye mkandaa na mchu zinapimika hata siku za maji mafu, yanapopwa kidogo.

Ingieni muda wa saa mbili kabla ya maji kufikia kikomo cha kupwa, na muwe mmeanza kuondoka muda wa saa moja na nusu baada yake. Mwangalizi wa saa ana amri juu ya wote, hata mwenyekiti. Maji ya bamvua yanaporudi hujaza kwanza mikono ya bahari iliyo nyuma yenu, na mtu aliyezama kwenye hesabu ya miche hayaoni mpaka njia imefungika.

Pimeni mwezi ule ule kila mwaka. Sisi hupima Februari, wakati wa kaskazi, kabla ya masika. Ukipima mwaka mmoja kabla ya mvua na mwaka mwingine baada yake, tofauti ya miche utakayoiona inaweza kuwa ya majira tu.

## Hatua ya 7: Simika ploti na uchukue GPS

Funga fundo la kwanza la kamba kwenye bomba la kwanza, vuta hadi fundo la mita 10, simika bomba la pili, na uendelee hadi urudi ulikoanza. Sasa pima kutoka pembe hadi pembe inayoikabili: lazima iwe mita 14 na sentimita 14. Ikiwa 13 au 15, mraba wako umelala na ploti si ya mita za mraba 100. Sogeza mabomba hadi ikubali. Kazi hii huchukua dakika kumi na watu huiruka, kisha kila hesabu inayofuata inakuwa na kosa ndani yake.

Zamisha kila bomba angalau nusu yake. Vigingi vya mbao usivitumie, huliwa na wadudu wa baharini kabla ya mwaka kwisha. Andika namba ya ploti kwa rangi kwenye bomba la pembe ya kusini-magharibi. Bomba hilo ndilo nguzo kuu.

GPS ichukuliwe kwenye nguzo kuu daima, si katikati wala popote ulipochoka. Simama wima, simu ikiwa usawa wa kifua, na usubiri. KoboCollect itakuonyesha namba ya mita ikishuka: 40, 18, 9. Namba hiyo ni ukubwa wa kosa. Subiri ifike 5. Majani yakiwa mazito na dakika tatu zimepita, kubali chini ya 10 na uandike hivyo kwenye maelezo. Wengi hubonyeza mara tu namba inapotokea, ikiwa 35, na mwaka unaofuata wanatafuta bomba ndani ya duara lenye upana wa mita 70.

GPS haihitaji bando. Inahitaji anga. Fungua ramani ya simu kabla ya kuingia msituni ili simu iwe imekwishapata setilaiti zake.

Daftarini andika maelekezo ya miguu pia: kutoka mkono upi wa maji, hatua ngapi, karibu na mti gani. Simu huanguka majini.

Utajua umefaulu kama mwanakikundi ambaye hakuwepo anaweza kuifikia nguzo kuu peke yake kwa kusoma daftari na kuangalia simu.

## Hatua ya 8: Pima kwa mpangilio huu, usiugeuze

Miche kwanza. Katika pembe ya nguzo kuu tenga mraba mdogo wa mita 5 kwa 5 na uhesabu miche ndani yake. Tunaanza na miche kwa sababu miguu ya watu wanne wakizunguka kupima miti itaikanyaga. Mwaka wetu wa kwanza tulianza na miti, na tulipofika kwenye miche tulikuwa tunahesabu ile tuliyoiua wenyewe. Tumia fito: mche ulio chini ya alama ya 40, ulio kati ya 40 na 150, na uliopita 150 ambao shina lake bado halijafika mzunguko wa sentimita 8. Tofauti ya vimo ina maana. Miche mingi mifupi na hakuna mirefu maana yake ni kwamba inaota lakini haikui, na hapo kupanda zaidi hakusaidii mpaka mjue kinachoiua: mbuzi, mchanga, au maji yasiyotoka.

Visiki pili. Katika ploti nzima. Kisiki kipya kina mbao ya rangi angavu na mara nyingine utomvu. Cha zamani kimegeuka kijivu. Pima mzunguko wake. Wakataji hutafuta pau, boriti au nguzo kulingana na ujenzi, na unene wa visiki utakuambia soko linataka nini.

Miti mwisho. Kila mti wenye mzunguko wa sentimita 8 au zaidi. Simamisha fito juu ya tope kando ya shina, na pale penye alama ya 130 zungusha futi, ikaze bila kubana. Andika mzunguko. Usikokotoe kipenyo kichwani. Kompyuta itagawanya kwa 3.14 baadaye, na mzunguko wa 22 utakuwa kipenyo cha 7. Mkoko wenye mizizi inayopita alama ya 130 upime sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Shina lililogawanyika chini ya 130, pima kila tawi kama shina lake. Mti uliopimwa upigwe chaki ili usirudiwe, na miti michache uichore mstari wa rangi pale pale ulipopima, ili mwakani futi izunguke mahali pale pale. Misumari usipige.

Mpimaji ataje namba kwa sauti, mwenye simu airudie kwa sauti akiandika. Ni utaratibu wa kizamani, na unazuia makosa kuliko programu yoyote.

## Hatua ya 9: Picha za kurudiwa

Simama kwenye nguzo kuu, simu ikiwa imelazwa kwa upana, usawa wa kifua. Piga kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, kwa mpangilio huo. Ondoa kwanza kava la simu lenye sumaku, hupotosha dira. Mwakani utaenda na picha za zamani mkononi na kupiga zenye mwonekano ule ule. Kwenye kikao cha kijiji picha mbili za namna hii, zikiwekwa bega kwa bega, hueleweka bila maneno mengi.

Watu wasiwemo. Ukikutana na mtu anakata, usimpige picha, usiandike jina lake, usibishane naye. Msalimie, endelea. Kisiki utakihesabu atakapokuwa ameondoka. Kazi yenu ni kupima msitu, ulinzi una watu wake, na siku mtakapoonekana kuwa wapelelezi hamtaweza tena kuingia kwa amani. Isitoshe, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda taarifa binafsi, na picha ya uso wa mtu ni taarifa yake.

## Hatua ya 10: Tuma, kagua, hifadhi

Tuma fomu jioni ile ile. Kamwe usifute wala kusasisha KoboCollect kabla ya kuhakikisha hakuna fomu iliyosubiri kutumwa, kwa sababu fomu zilizomo ndani zinaweza kufutika zote. Ukibadilisha fomu kwenye kompyuta, ipakue upya kwenye kila simu. Simu moja ikibaki na fomu ya zamani, majibu yake hayatalingana na ya wenzake.

Kila ploti ya kumi, timu ya pili irudie kupima bila kuonyeshwa majibu ya kwanza. Idadi ya miti ikitofautiana, mraba wenu au chaki yenu ina shida. Mizunguko ikipishana kwa sentimita moja au mbili, sawa. Ikipishana kwa tano, mtu mmoja anashusha fito. Rudini wote mkafanye mazoezi kwenye mnazi.

Pakua faili zima kila mwezi na uliweke sehemu mbili: kwenye baruapepe ya kikundi, na kwenye kompyuta ya shule au ofisi iliyo karibu.

## Hatua ya 11: Soma mlichokipata

Hesabu ni nyepesi. Ploti yenu ni mita za mraba 100, hekta ni 10,000, kwa hiyo zidisha mara 100. Mraba wa miche ni mita za mraba 25, zidisha mara 400: miche 30 inakuwa 12,000 kwa hekta.

Chukua mfano wa ploti tano zenye miti 18, 22, 9, 25 na 16. Jumla 90, wastani 18, yaani miti 1,800 kwa hekta. Visiki vipya ni 2, 0, 7, 1 na 0. Wastani ni 2, yaani 200 kwa hekta. Ukiishia kwenye wastani utasema ukataji umeenea. Tazama ploti ya tatu: miti 9, visiki 7. Karibu kila kitu kinatokea pale. Nenda kaangalie, huenda kuna njia ya mtumbwi nyuma yake. Wastani peleka kwenye ripoti, lakini kikundi kikikaa kuamua, anzeni na ploti moja moja.

Mtu atauliza kwa nini msitumie setilaiti tu. Itumieni pia. Global Mangrove Watch huonyesha bila malipo ramani za mikoko na mabadiliko yake, na kama sehemu kubwa ya majani imetoweka mtaiona huko hata kabla ya kufika. Lakini mtu akiingia chini ya majani akachomoa boriti kumi zilizonyooka na kuacha mingine, kutoka angani msitu bado ni kijani. Ukataji wa namna hiyo huonekana na mtu aliyeinama kuhesabu visiki.

Na kama kuna wanaowaza biashara ya hewa ukaa, kama ile ya Mikoko Pamoja iliyoanza Gazi mwaka 2013 kwa hekta 117, jueni kwamba vipimo hivi peke yake havitoshi kuuza chochote. Mradi wa aina hiyo una viwango vyake na wakaguzi wake. Ila kikundi chenye ploti zinazopatikana na vipimo vinavyorudiwa huanza mazungumzo hayo kikiwa na kitu mkononi, na ni vigumu zaidi kudanganywa.

## Hatua ya 12: Takwimu zirudi kijijini

Andikeni matokeo kwenye karatasi kubwa ya manila: ploti, miti, miche, visiki, mwaka huu na mwaka jana. Itundikeni bandarini au nje ya ofisi ya kikundi, na mziseme kwenye baraza kwa dakika kumi. Mpeni ofisa wa misitu nakala yake. Ramani yenye mahali halisi pa ploti isitundikwe, ibaki kwenye faili la kikundi, kwa sababu ploti inayojulikana na kila mtu hukwepwa na wakataji na itaacha kuwakilisha msitu.

Kabla hamjatawanyika, fungueni jedwali la maji la Februari ijayo, tafuteni bamvua, na muandike tarehe kwenye kitabu cha kikundi pamoja na jina la atakayebeba kamba.